Mwalimu, Mzazi na Mapato ya Jukwaani

Tarehe 1 Desemba 1822, mtoto wa miaka 11 aitwaye Franz Liszt alipanda jukwaani jijini Vienna, akapiga piano pamoja na okestra katika utungo mgumu wa Johann Nepomuk Hummel, kisha akabuni muziki papo hapo, akiunganisha wimbo wa Rossini na sehemu ya Simfoni ya 7 ya Beethoven. Waandishi wa magazeti ya muziki walimsifu bila kujizuia. Tangu hapo masimulizi ya onyesho lile yamekuwa masimulizi ya kipaji: mtoto amezaliwa nacho, na dunia imekiona. Mtu aliyemwandaa, Carl Czerny, hutajwa kwa sentensi moja, na mara chache sana husemwa kwamba alikataa kulipwa ada. Kwangu mimi jambo hilo la ada ndilo lililo na uzito. Historia ya watoto wapiga piano barani Ulaya, tangu karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, inaonyesha jambo moja kwa uthabiti: mwalimu anayemfaa kijana anayejiandaa kwa tamasha ni yule ambaye riziki yake haitegemei tamasha hilo. Ustadi wa mwalimu ni muhimu, na upole wake ni muhimu pia, lakini vyote viwili huharibika haraka pale mwalimu anapokuwa ndiye mkusanya viingilio.

Ili tuelewe uzito wa kukataa ada, inabidi tukumbuke tamasha lilikuwa biashara ya namna gani. Kabla ya kuwepo mawakala na kampuni za burudani, mpiga muziki alikodi ukumbi mwenyewe, akatafuta okestra na waimbaji wa kumsindikiza, akauza tiketi, akapeleka barua kwa makabaila, na kilichobaki baada ya gharama ndicho kilichokuwa chake. Mtoto alikuwa na faida ambayo mtu mzima hakuwa nayo, yaani umri wake, na faida hiyo ilipungua kila mwaka. Leopold Mozart alilijua hilo vizuri alipowazungusha watoto wake wawili Ulaya kuanzia mwaka 1762, akakaa nao London zaidi ya mwaka mmoja. Johann van Beethoven alilijua pia. Machi 1778 alimtangaza mwanawe Ludwig mjini Cologne kuwa na miaka sita, ilhali mtoto alikuwa ameshatimiza saba. Mwaka mmoja unaokatwa kwenye tangazo unaeleza mengi kuliko kitabu kizima cha malezi. Leopold, kwa haki yake, alikuwa mwalimu mwenye elimu pana na mwandishi wa kitabu maarufu cha fidla, na Johann alikuwa mwimbaji wa kawaida aliyemfundisha mwanawe kwa kumkaripia na kumpiga. Hata hivyo wote wawili walikuwa wakishindana na kalenda, na anayeshindana na kalenda hawezi kumwambia mwanafunzi wake asubiri.

Adam Liszt, baba yake Franz, alitoka katika mkumbo huohuo, ingawa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtumishi katika mashamba ya kabaila Esterházy huko Raiding, kijiji kilichokuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria na sasa kimo Austria. Alikuwa mpenda muziki ambaye maisha yalimnyima nafasi ya kuufanya kuwa kazi, na nafasi hiyo akaiona upya kwa mwanawe. Mwaka 1819 alimpeleka mtoto kwa Czerny kwa mara ya kwanza. Maelezo ya Czerny juu ya ziara ile hayana sukari hata kidogo: mtoto amepauka, anaonekana mgonjwa, anayumba kwenye kiti kama mlevi, upigaji wake hauna mpangilio, hajui kidole kipi kiende wapi, anavirusha vidole vyake popote juu ya vibonyezo. Na bado, anasema Czerny, kipaji chake kilimshangaza. Mwaka uliofuata Adam aliandaa maonyesho Sopron na Pressburg, mji unaoitwa Bratislava siku hizi, na kundi la makabaila wa Hungaria likaahidi florini 600 kwa mwaka kwa muda wa miaka sita kwa ajili ya masomo ya mtoto. Mwaka 1822 familia ilihamia Vienna, na masomo yakaanza kwa ada ambayo ilikuwa juu kwa mtu wa hali ya Adam. Baada ya masomo 12 hivi baba alipotaka kulipa, Czerny alikataa. Akaendelea kumfundisha Franz karibu kila jioni bure, akampa noti zote alizozihitaji, na wazazi wa Czerny wakamchukua mtoto yule kama wa nyumbani.

Aliyekataa malipo ni mtu aliyeifahamu thamani yake barabara. Czerny alizaliwa Vienna mwaka 1791, mwana wa mwalimu wa piano, na akiwa na umri wa miaka kumi hivi alipokewa na Beethoven kuwa mwanagenzi wake. Masomo yale ya mwanzo yalikuwa ya subira: skeli katika funguo zote, namna ya kuweka mkono, na hasa matumizi ya dole gumba, jambo ambalo wapiga piano wengi wa zama zile walikuwa hawajalizoea. Beethoven alimwagiza baba yake Czerny anunue kitabu cha Carl Philipp Emanuel Bach kilichoanza kutoka mwaka 1753, ambamo dole gumba limepewa hadhi yake kamili. Halafu likaja somo la kuunganisha noti, sauti itiririke bila kukatika, tofauti na upigaji wa kudonoadonoa uliopendwa katika siku za Mozart. Desemba 1805 Beethoven alimwandikia kijana yule cheti cha sifa kwa ajili ya safari ya maonyesho. Safari haikufanyika. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yameingia Vienna mwezi uliotangulia, wazazi wake walikuwa watu wazima wenye mtoto mmoja tu, na Czerny mwenyewe alikiri kwamba hakuwa na zile mbwembwe ambazo hadhira ilizidai kwa wapiga piano wanaosafiri. Alipiga hadharani mara chache baadaye, ikiwemo Februari 1812 alipoipigia Vienna koncheto ya 5 ya Beethoven kwa mara ya kwanza, lakini jukwaa hakulifanya makazi. Alifundisha kutwa nzima, kuanzia asubuhi hadi saa mbili za usiku, na jioni za Liszt zilipatikana kwa sababu mchana wote ulikuwa umeshagawiwa wengine.

Katika jioni hizo kulifanyika nini? Czerny alianza kwa kumrudisha mtoto nyuma. Mtoto aliyekwisha kupigiwa makofi na makabaila alipewa skeli, kisha sonata za Muzio Clementi, ili mapigo yawe sawa, mguso uwe mmoja na mlio uwe safi. Baada ya miezi michache ndipo zikaja tungo za Hummel, Ries na Moscheles zilizokuwa zikivuma wakati ule, halafu Beethoven na Bach. Alimfanya ajifunze kila utungo kwa haraka kiasi kwamba Liszt akawa na uwezo wa ajabu wa kusoma noti ngumu mara ya kwanza anapoziona, na alimpa viini vya muziki avibunie tungo papo hapo, ili kipaji kile cha kubuni kisife chini ya nidhamu mpya. Tazama mpangilio huu kwa jicho la biashara: miezi ya mwanzo yote haina kitu cha kuuza. Mtu mwenye tiketi za kuuza angeanza na Hummel siku ya kwanza. Czerny aliweza kuanza na skeli kwa sababu hakuwa na tarehe iliyomkaba kooni, na onyesho la Desemba lilipofika lilimkuta mtoto mwenye mikono inayojua inakokwenda.

Kuna jambo jingine la upole ambalo Czerny alilipata kutoka mahali pasipotarajiwa. Tangu mwaka 1816 alikuwa akimfundisha Karl, mtoto wa ndugu yake Beethoven, na Beethoven mwenyewe, mtu anayesifika kwa hasira, alimwandikia barua ya maelekezo. Alimwomba awe na subira na mtoto. Alishauri kwamba vidole vikishakuwa sawa na noti na mapigo yakikaribia kuwa sahihi, mwalimu ageukie namna ya kuupa utungo uhai, asimkatishe mtoto kwa makosa madogo, ayaseme mwishoni utungo ukishamalizika. Kwa Beethoven, njia hiyo ndiyo inayozaa wanamuziki. Ni ushauri unaofaa sana kwa mtoto anayejiandaa kupiga mbele ya watu, kwa kuwa jukwaani hakuna kurudi nyuma, na aliyezoea kukatishwa kwenye kila kosa hajawahi kujifunza kuvuka kosa na kuendelea.

Hapa wapo watakaonishangaa. Czerny gani huyo? Jina hilo kwa wanafunzi wengi wa piano, Leipzig hata Nairobi, ni jina la mazoezi makavu, kurasa zilizojaa noti ndogo ndogo zinazopanda na kushuka. Aliacha tungo zenye nambari hadi 861, na sehemu inayoendelea kuuzwa ni ile ya mazoezi ya wepesi. Hoja hii ina ukweli ndani yake, maana vitabu vile vimewachosha watoto wengi mikononi mwa walimu waliovitumia kama adhabu. Lakini kitabu kilichochapishwa kwa ajili ya maelfu wasioonekana hakiwezi kuchukuliwa kuwa picha ya mtu akiwa na mwanafunzi mmoja mbele yake. Czerny huyohuyo alichapa mwaka 1829 kitabu kizima cha kufundisha kubuni muziki kwenye piano, sanaa ambayo leo wapiga piano wengi wa klasiki hawaigusi kabisa, na karibu na mwaka 1820 nyumba yake ilikuwa na vikao vya kila Jumapili vya muziki wa Beethoven ambavyo Beethoven mwenyewe alivihudhuria mara nyingine. Mwaka 1915 Debussy alifungua kitabu chake cha mazoezi ya piano kwa kumtaja Czerny, na Stravinsky aliandika kwamba alimthamini kama mwanamuziki zaidi hata ya kumthamini kama mwalimu. Watu wa namna hiyo hawamtaji mtu kwa sababu ya skeli peke yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mengi tunayoyajua kuhusu jioni zile yanatoka katika kumbukumbu ambazo Czerny aliziandika mwenyewe mwaka 1842, wakati Liszt alikuwa ameshakuwa mpiga piano maarufu kuliko wote Ulaya. Nani asingependa kujiandika upande mwema wa habari kama hiyo? Tahadhari hiyo ni ya haki, nami sichukui kila neno lake kama lilivyo. Lakini shahidi wa upande wa pili yupo. Liszt alimwandikia mwalimu wake kutoka Paris akimshukuru kwa unyenyekevu na kumweleza namna alivyokuwa akiipigia hadhira sonata moja ya Czerny. Mazoezi yake makubwa, yale ambayo toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 1852, aliyatunukia Czerny, wakati ambapo mtu mwenye jina lake hakuhitaji kumtunukia mwalimu wa utotoni ili apate lolote. Alipokuwa mzee, akifundisha vijana waliomiminika Weimar kutoka kila upande, hakutoza ada. Mtu aliyefundishwa bure ndiye aliyefundisha bure. Na kumbukumbu zile za Czerny hazimpambi Liszt wala mwandishi wake, bali zina majuto ndani yake.

Majuto hayo ndiyo ushahidi ninaouthamini kuliko wote. Aprili 1823 Liszt alifanya onyesho jingine Vienna, lile ambalo hadithi husema Beethoven alipanda jukwaani akambusu paji la uso, hadithi yenye mashaka makubwa kwa kuwa Beethoven hakuwa tena msikilizaji wa matamasha na masikio yake yalikuwa yameshamwacha. Septemba mwaka huohuo Adam alimwondoa mwanawe Vienna kwenda kutafuta mapato Paris na London. Masomo yalikuwa yamedumu kama miezi 14 hivi. Czerny anaandika kwamba baba alitaka faida kubwa ya fedha, na kwamba mtoto aliondolewa wakati masomo yalikuwa yamefikia mahali pazuri kuliko pote. Mkulima aliyeuza mbegu msimu umeanza angesemwa vivyo hivyo. Huko Paris shule kuu ya muziki ilimkatalia kwa kuwa ni mgeni, kukawa na safari baada ya safari, na Agosti 1827 Adam akafariki Boulogne, akimwacha kijana wa miaka 15 mwenye mama wa kumtunza. Liszt aliacha mizunguko, akaanza kufundisha piano Paris ili wapate kula, na baadaye aliandika kwa uchungu kuhusu miaka ile ya kuwa kiburudisho cha wenye fedha. Czerny alipomtembelea Paris mwaka 1837 aliukuta upigaji wake una nguvu za kutisha lakini umevurugika. Mwaka uliofuata, Liszt alipopiga Vienna, Czerny alikiri kwamba kipaji kile kilikuwa kimepaa upya. Mwenye kusema kwamba Liszt angekuwa Liszt kwa vyovyote anasahau miaka hiyo ya katikati. Alifika, naam, lakini alifika kwa kuzunguka, na mwendo ule wa kuzunguka nusura umtoe kabisa katika muziki, kwani kuna wakati alitamani kuwa padri.

Sasa linakuja pingamizi ambalo linaigonga hoja yangu palepale penye moyo wake: Clara Wieck. Alizaliwa Leipzig mwaka 1819, akafundishwa na baba yake Friedrich Wieck, akapiga hadharani katika ukumbi wa Gewandhaus akiwa na miaka tisa, akafanya tamasha lake mwenyewe humohumo Novemba 1830, na Machi 1838 makao ya kifalme ya Austria yakampa cheo cha mpiga piano wa mfalme mkuu. Aliendelea kupiga kwa zaidi ya miaka 50 baada ya hapo. Baba yake alikuwa mwalimu, meneja na mkusanya mapato, vyote kwa pamoja, na matokeo yakawa mmoja wa wapiga piano bora wa karne nzima. Isitoshe, Wieck alikuwa mwalimu mwerevu: alipunguza saa za mazoezi badala ya kuziongeza, akamtembeza bintiye kila siku kwa miguu apate hewa, akampeleka kwenye opera, akamsomesha nadharia na utunzi. Siwezi kuyakana hayo, wala sitaki. Lakini Wieck huyohuyo aliandika shajara ya bintiye kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba ni Clara anayesema, na binti alipotaka kuolewa na Robert Schumann, baba alizuia fedha zilizotokana na matamasha yake na kuipinga ndoa mahakamani, mpaka ikafungwa kwa idhini ya mahakama tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Wieck alikuwa na subira yote duniani ilimradi mali inabaki mkononi mwake. Clara anathibitisha kwamba mwenye mapato anaweza kufundisha vizuri. Kwamba anaweza pia kumwachia mwanafunzi aende zake, hilo halithibitishi.

Limebaki la mwisho, na hili nalikubali karibu lote. Czerny aliweza kukataa ada kwa sababu alikuwa na wengine wa kumlipa. Familia tajiri za Vienna zilimlipa vizuri, na wachapishaji walinunua kila alichoandika. Alipofariki mwaka 1857 bila mke wala mtoto aliacha mali ya kutosha kuwapa Chama cha Marafiki wa Muziki cha Vienna na taasisi za hisani, ikiwemo ya viziwi. Ukarimu wake ulikuwa na mfadhili, tena mfadhili asiyejua: binti wa kabaila wa asubuhi ndiye aliyelipia jioni ya mtoto wa mtumishi wa mashamba. Lakini hilo haliiangushi hoja, linaisogeza mbele. Kama mwalimu asile kutokana na tamasha la mtoto, lazima mtu mwingine amlishe, na suala la nani huyo likawa suala kubwa la elimu ya piano baada ya Czerny.

Hakuna mahali suala hilo lilipojibiwa wazi kuliko kwa Josef Hofmann, mtoto wa Kipoland aliyezaliwa karibu na Kraków mwaka 1876. Novemba 1887 aliletwa New York na kupiga katika ukumbi wa Metropolitan Opera, chini ya mkataba wa matamasha 80. Alikuwa na miaka 11, umri uleule wa Liszt wa Vienna. Baada ya zaidi ya nusu ya matamasha hayo, chama cha kuzuia ukatili dhidi ya watoto kiliingilia kati, na tajiri wa New York, Alfred Corning Clark, akaipa familia dola 50,000 kwa sharti moja: mtoto asipige hadharani mpaka atimize miaka 18. Sijui fedha nyingine katika historia ya muziki zilizotumika kwa busara kama hizo, fedha zilizolipa ukimya. Familia ilirudi Ulaya, Hofmann akasoma Berlin, na kuanzia mwaka 1892 akawa anapanda treni kwenda Dresden kwa Anton Rubinstein, ambaye alikuwa na umaarufu wake tayari na hakuhitaji kitu kutoka kwa kijana yule. Rubinstein hakumpigia mfano, alimweleza kwa maneno, na hakutaka kusikia utungo mmoja mara mbili. Machi 1894 mjini Hamburg, Hofmann akiwa na miaka 18, alirudi jukwaani kwa koncheto ya 4 ya Rubinstein, na aliyesimama mbele ya okestra kuiongoza alikuwa Rubinstein mwenyewe. Baada ya hapo mzee alikataa kumfundisha tena, akiona kijana ameshakuwa mtu wa kujitegemea, na mwezi Novemba mwaka huohuo akafariki. Hofmann alikuja kuongoza idara ya piano katika Curtis Institute ya Philadelphia tangu ilipofunguliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 akawa mkurugenzi wa shule yote. Mwaka 1928, kwa fedha za mwanzilishi wake Mary Louise Curtis Bok, shule hiyo iliacha kuwatoza wanafunzi ada ya masomo, na mpaka leo haiwatozi.